Mkono wa Kushoto wa Sweta ya Dada

Yule mama anayefuma sweta za shule, ambaye chumba chake kinatazamana na changu, mtaa mzima humwita Mama Nyuzi. Hana mtoto wa jina hilo. Ni kwa sababu mlangoni pake hapakosi vipande vya uzi vya kila rangi, navyo hung'ang'ania viatu vya watu. Unafika kwako, unavua kiatu, unakuta umeburuta uzi wa bluu toka kwake. Mimi, ambaye siku hizi kazi yangu ni kutoka asubuhi nikatembea na kurudi, nadhani nimezisambaza nyuzi zake kuliko mteja yeyote.

Ni mtu wa maneno mengi, mcheshi, mikono yake haitulii hata akiwa anakuangalia usoni. Mashine yake ya kufumia ni ndefu kama benchi, ina safu ya vijisindano kama meno ya kitana, na akikisukuma kile kigari chake huku na huku inalia krrr, krrr, hata ukiwa umejilaza mchana unajua shule zinakaribia kufunguliwa. Mtoto akipita na sweta yake mpya, humkamata begani bila hata kumsalimia, akautazama mshono, akamwachia aende. Ukimsifu anacheka, wala hajifanyi kukataa. Kwa hiyo sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke wa namna ile anaweza kuwa na kitu chumbani mwake mwenyewe ambacho anakiogopa.

Kitu chenyewe kilikuwa mfuko, juu ya kabati.

Mfuko ule aliletewa na dada yake. Lazima nieleze kidogo habari za huyu dada, maana ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Mama Nyuzi akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na aliyemfundisha kuzifunga ni dada. Baadaye dada akaolewa na bwana mmoja mpole, mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa, kwenye kile chumba cha baridi ambako maziwa hukaa kabla ya kupakiwa garini. Humo ndani, hata jua la nje liwake vipi, mtu huvaa sweta. Shemeji alikuwa na yake ya sufu, ya kijani kizito, aliyofumiwa na mama yake mzazi. Aliivaa mpaka viwiko vikatoboka, vikatiwa viraka, na viraka navyo vikatoboka. Alipofariki, dada hakutaka mtu mwingine aivae. Aliifumua yote mwenyewe. Akaufua ule uzi, akauning'iniza umefungiwa mawe ili mikunjo ya zamani inyooke, akauviringa madonge, akaja nao kwa mdogo wake.

"Nifumie ya kwangu," alimwambia. "Si kwa hiyo mashine yako. Kwa mkono, kama ilivyokuwa. Nikiivaa nijue niko na nani."

"Dada, kazi ndogo hiyo. Kabla baridi haijaingia utakuwa nayo mwilini."

Akampima kifua, mgongo na mikono, akaanza siku ileile. Dada wakati ule alikuwa mwanamke wa haja, ana mabega, akikaa kwenye kochi hakuna wa pili anayekaa. Mama Nyuzi akamaliza mgongo. Akamaliza kifua. Halafu msimu wa shule ukafika, akaiweka pembeni kidogo. Hili neno "kidogo" mimi nalijua vizuri, nimewahi kuweka pembeni kidogo mambo ambayo mpaka leo sijui yako wapi. Msimu ukapita, ukaja mwingine. Mfuko ukapanda juu ya kabati ili usiliwe na panya. Mimi nikahamia pale, fundi viatu akajenga kibanda chake pembeni ya mlango wetu mkubwa, watoto waliokuwa wakivaa sweta ndogo kabisa wakaota ndevu.

Dada alikuwa akija kutembea. Mwanzoni aliuliza: "Kazi yangu imefika wapi?" Na Mama Nyuzi aliinuka haraka kama aliyeketi juu ya moto. "Inakwenda dada, inakwenda. Ngoja kwanza nikuchemshie chai."

Baadaye dada akaacha kuuliza.

"Mzee," Mama Nyuzi aliniambia alipokuwa akinisimulia, "alipokuwa anauliza nilikuwa namdanganya, inapita. Alipoacha kuuliza ndipo niliposhindwa kumwangalia machoni. Anakaa pale kwenye kiti, mfuko wake uko juu ya kichwa chake, na sisi tunaongea habari za mvua."

Mwaka huu dada akaugua. Alikuwa amekwisha kuhamia mbali, kwa binti yake, na huyo binti ndiye aliyepiga simu.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Hivyohivyo tu. Wametuambia tumlete hospitali kubwa ya huko kwenu. Tutafikia kwako, kama hatutakusumbua."

"Kunisumbua! Hebu kaa kimya huko. Ni kwake hapa."

"Haya, asante. Na siku hizi anasikia baridi sana mama mdogo. Hata juani."

Binti hakuwa na maana yoyote. Lakini Mama Nyuzi aliweka simu mezani, akainua macho juu ya kabati, na siku ile mashine haikulia tena.

Aliushusha mfuko kwa kupanda juu ya stuli. Vumbi lilimwingia puani, akapiga chafya mpaka nikamwitikia toka kwangu. Ndani kulikuwa na harufu ya dawa ya nondo, na chini yake harufu ya sufu ya zamani, ile ya kondoo aliyenyeshewa. Mgongo ulikuwepo. Kifua kilikuwepo, na sindano imebaki kwenye vitanzi vya shingo, imeshika kutu. Lakini madonge ya uzi yalikuwa machache. Akaukung'uta mfuko, akaupindua nje ndani, akaangalia hata juu ya kabati kwa kupapasa. Na akiwa amesimama juu ya ile stuli, mkono bado uko juu, akakumbuka.

Kuna shule moja hapa karibu, sweta zake ni za kijani kizito. Msimu mmoja uzi wa kijani ulikwisha madukani, na wazazi wamesimama mlangoni, shule inafunguliwa kesho yake. Sweta ya mtoto mmoja ilikuwa imebaki mikono na kola. Mama Nyuzi akapanda kwenye kabati akachukua madonge, akajiambia nitayarudisha. Rangi zikafanana hata mzazi hakuona. Mzazi akashukuru sana. Na yule mfumaji akafurahi kwa jinsi alivyoiokoa siku, akasahau.

Sasa alipopima uzi uliobaki, ulitosha mkono mmoja. Wa pili, hakuna.

Alikwenda dukani na kipande mkononi. Muuza nyuzi alikilinganisha, akasema, "Ni uleule mama. Tatizo wa kwako umekula chumvi nyingi."

"Usinichekeshe, nitazamie vizuri."

Wakatoka nao mlangoni, kwenye jua. Ule mpya ulikuwa kijani cha jani lililonyeshewa leo, ule wa shemeji kijani cha chupa iliyokaa chini ya mchanga. Akaununua hivyohivyo. Akaufua kwa sabuni ya unga, akauanika, akaufua tena, akauanika tena, mpaka ukaanza kunyong'onyea. Chini ya taa ya chumbani ukaonekana mmoja na ule wa zamani. Juani ilikuwa lazima uwe unajua unachokitafuta.

Basi akaanza kazi kwa mkono. Mkono wa kulia, ule wa uzi wa shemeji, aliufumia nje pale mlangoni, na fundi viatu akapata la kusema.

"Mama Nyuzi, mashine imekugomea? Naona leo umerudi enzi za bibi."

"Hii ya dada yangu."

"Ya dada? Ile ninayoisikia tangu nimekuja hapa? Loh! Mimi nilijua huyo dada ni wa kwenye hadithi."

"Yupo, na anakuja. Piga msumari wako huko."

Alicheka, lakini uso ulimshuka. Mkono wa kushoto aliufumia ndani, mlango umefungwa, mchana kweupe. Niliona, sikuelewa. Alikuja kunieleza baadaye, na ndilo jambo lililomuumiza zaidi kulisema: aliuchagua wa kushoto kwa akili zake timamu. Dada yake hutumia mkono wa kulia, wa kulia ndio unaopokea kikombe, unaosalimia, unaonyooshwa watu wakauona. Wa kushoto hukaa mapajani. "Nilitafuta pa kuficha, Mzee. Kwenye mwili wa dada yangu nikatafuta pa kuficha."

Siku walipofika, nilikuwa narudi matembezini, nikawapokea begi pale mlangoni. Dada alishuka kwenye teksi ameshikwa na binti yake. Sikuwa nimemwona muda mrefu, nikadhani ni mtu mwingine. Lile umbo lote lilikuwa limekwenda. Shingo ilikuwa nyembamba, mabega yamebaki mifupa tu chini ya shali. Sauti ndiyo iliyobaki yake.

"Wewe!" alimwambia mdogo wake. "Mvi zote hizi, nani kakuruhusu?"

"Karibu dada. Karibu ndani. Ngoja nikuchemshie chai."

"Kaa chini. Kila nikija hapa wewe unachemsha chai, utadhani mimi ni hoteli nimekuja kukukagua."

Nikaambiwa nikae na mimi, nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Mama Nyuzi hakukaa. Alifungua kabati, akatoa sweta ikiwa imekunjwa, akampa dada yake kwa mikono yote miwili.

Dada aliishika. Aliipitisha kidole kwenye shingo, kwenye mistari ya kifua. Hakusema imechelewa. Alisema tu, "Nivalisheni."

Binti yake na Mama Nyuzi wakamvalisha. Na hapo tukaona sote kile ambacho mfumaji, kwa haraka yake ya kumaliza, hakuwa amekifikiria hata kidogo: aliifuma kwa kipimo cha yule mwanamke wa zamani. Mabega yalimteremka mpaka kwenye nyama ya mkono. Kifuani ungeweza kumweka mtu mwingine. Dada alikuwa ndani ya sweta ile kama ufunguo ndani ya mfuko, na upana wote uliobaki ulikuwa ni miaka aliyongojeshwa, imening'inia mbele ya watu.

Mama Nyuzi akatazama sakafu.

"Mama mdogo, si itapunguzwa?" binti akauliza taratibu.

"Itapunguzwa," dada akajibu yeye. "Mwilini apunguze. Mikono asiguse. Mikono imekaa vizuri." Kisha akaukunja mkono wa kushoto, akaupandisha usoni, akalaza shavu kwenye kiwiko chake, akafumba macho. "Mnajua," alisema, "bado unanuka maziwa. Kwa mbali."

Mimi ni mzee, nimeona watu wakiona haya. Nimemwona mtu akidondoka mbele ya wakwe. Lakini sijapata kuona uso kama ule wa Mama Nyuzi. Aliondoka akaingia kwenye jiko lake dogo, tukasikia maji yakimwagika kwenye karai, halafu yakanyamaza. Alikaa huko. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Angeweza kuubadilisha ule mkono polepole wakati wa kupunguza, kimyakimya, uzi uliozidi mwilini ukahamia mkononi, na mambo yakaisha. Aliniambia kwamba alilifikiria hilo, akiwa ameshika ukingo wa karai. Kilichomshinda ni lile shavu.

Alirudi na uso umelowa, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Dada, huo mkono si wake."

Dada akafumbua macho. "Si wa nani?"

"Si wa shemeji. Ni uzi wa dukani. Nilikupa mkono mmoja wa kweli, huo wa kulia. Uzi mwingine... nilikosa uzi msimu wa shule, nikauchukua. Nikaumaliza kwenye sweta ya mtoto."

Nilitaka kuondoka lakini miguu yangu ingepiga kelele. Nikabaki.

"Mtoto gani?" dada akauliza.

Mama Nyuzi akajifuta uso kwa kiganja.

"Nakuuliza, mtoto gani? Wa nani?"

"Simkumbuki, dada."

"Humkumbuki." Dada aliutoa ule mkono usoni, akauweka mapajani polepole, kama mtu anayeweka chini kitu ambacho si chake. "Kwa hiyo kuna mtoto alikwenda shule kavaa mume wangu, na wewe hata hujui ni nani."

"Dada, nisamehe."

"Ngoja kwanza. Na mimi nimekaa hapa nanusa. Nanusa sabuni ya dukani, nawaambia watu ni maziwa." Akanigeukia mimi. "Umenisikia, Mzee? Ulinisikia nikinusa?"

Nikasema nilisikia. Ningesema nini?

"Hata wewe umenifanya nione aibu," akamwambia mdogo wake. "Kwa umri huu. Mbele ya wageni. Unajua kwa nini niliacha kukuuliza? Nilikuwa naona haya mimi. Nikasema, labda nimemwomba kazi kubwa mno, labda namchosha na msiba wangu. Kumbe haya zilikuwa za kwako, umenibebesha mimi."

Mama Nyuzi alikuwa analia bila sauti, na mikono yake, ile isiyotulia kamwe, ilikuwa imelala juu ya magoti ya dada yake.

Binti akachungulia dirishani ambako hakukuwa na kitu cha kuchungulia.

"Ukipunguza huku mwilini," dada akasema mwishowe, "uzi utakaotoka utatosha mkono?"

"Utatosha. Utabaki."

"Basi kumbe ningebaki mnene tungekwama." Hakucheka, wala hakuna aliyecheka. "Haya, utoe."

"Sasa hivi? Uvue basi."

"Nikivua nitasikia baridi. Utoe nikiwa nimevaa."

Ikabidi afanye hivyo. Alileta mkasi mdogo, akaushika ule mshono wa begani, akaanza kukata uzi wa kushonea, mmoja mmoja, karibu na ngozi ya dada yake. Mkono ukalegea, ukateremka, ukatoka. Chini yake ulionekana mkono mwembamba wenye mishipa. Mama Nyuzi akauviringisha ule mkono wa sufu, akawa hajui auweke wapi, akaufinyanga tu kama kitambaa cha jikoni.

Asubuhi ilikuwa siku ya hospitali, na kulikuwa na ubaridi. Natoka na fimbo yangu, nikawakuta mlangoni wanabishana.

"Mama, huwezi kwenda hivyo mbele ya madaktari," binti anasema. "Vaa koti langu."

"Nimeingojea sweta hii miaka yote. Mliyoniletea ndiyo hii. Ndiyo nitakayovaa."

Akatoka nayo. Imempwaya mwilini, mkono wa kulia upo, wa kushoto haupo, bega la kushoto limebaki na vitanzi wazi vilivyozuiwa kwa uzi mweupe. Mama Nyuzi alitembea kando yake, upande wa kushoto, akijaribu kumkinga kwa mwili wake watu wasione. Mimi nikaongozana nao, kwa kuwa njia yangu ilikuwa ileile.

Hatukufika mbali. Fundi viatu alikuwa anatandika vifaa vyake.

"Mama Nyuzi! Ndiyo ile ya dada? Sasa mbona mkono mmoja? Siku hizi unafuma kwa awamu?"

Dada akasimama. Hakumjibu fundi, wala hakumkasirikia. Alimgeukia mdogo wake akamtazama, akangoja. Mama Nyuzi ana majibu ya kila namna kwa yule fundi, huwa wanarushiana kutwa. Nilimwona akilitafuta moja, na nilimwona akiliacha.

"Alinipa uzi wa marehemu mumewe," akasema. "Nikaufumia kazi za watu. Ndiyo maana hana mkono."

Fundi akainamia kiatu kilichokuwa mbele yake. "Aa," alisema. "Basi mama... samahani. Nendeni salama."

Mbele kidogo, muuza mkate naye akauliza, kwa wema kabisa, kama mama amepata ajali. Dada akasimama tena. Mama Nyuzi akasema tena yaleyale, kwa sauti ndogo zaidi. Mtu anaweza kudhani kwamba ukishalitamka jambo mara moja huwa jepesi. Mara ya pili nilimwona akishika ukuta.

"Mtaa wako una watu wanaopenda kuuliza," dada akasema tulipoendelea.

"Wananijua, dada."

"Vizuri."

Upepo ukapita, na nikauona mkono ule ulio wazi ukisimama vinyweleo. Mama Nyuzi akavua shali yake haraka, akataka kumfunika.

"Acha," dada akasema. "Niache niusikie upepo mpaka utakapouvalisha mkono huu wewe."

Wakaenda hivyo hatua chache, kila mmoja na lake. Halafu dada, nadhani kwa kuchoka, maana barabara inapanda pale, akaupitisha ule mkono mtupu kwenye kwapa la mdogo wake na kumwegemea. Mama Nyuzi hakuthubutu kuusugua, wala hakuubana. Aliubeba tu, amenyooka, kama mtu aliyekabidhiwa chombo cha watu, macho yake chini, mpaka nilipowaacha kwenye kona ya hospitali.